Helloween kabla ya Kiske: albamu ya Walls of Jericho

Rehema: Leo tunaisikiliza albamu ya kwanza kamili ya Helloween, bendi ya muziki wa metali kutoka Hamburg, Ujerumani, ambayo kampuni ya Noise ya Berlin iliitoa mwaka 1985 kwa jina la Walls of Jericho. Kaka Salim, wengi tuliijua bendi hii kupitia sauti ya Michael Kiske, mwimbaji aliyekuja baadaye, na tunaporudi nyuma hadi hapa tunashtuka.

Salim: Mnashtuka kwa sababu anayeimba ni Kai Hansen, ambaye alikuwa pia mpiga gitaa na ilimbidi abebe kazi zote mbili. Sauti yake ni nyembamba, na kila inapopanda juu hukwaruza, jambo ambalo binafsi silihesabu kuwa dosari.

Rehema: Mimi nalihesabu, uniwie radhi. Katika "Guardians", gitaa la Hansen na la mwenzake Michael Weikath yanakwenda sambamba, moja juu na jingine chini, kwa utulivu wa waimbaji wawili wa kwaya waliozoeana, kisha inaingia sauti ya mtu anayekimbizwa.

Salim: Anakimbizwa kweli, dada, na anayemkimbiza ni mpiga ngoma, Ingo Schwichtenberg! Baada ya tarumbeta za utangulizi na mporomoko wa kuta, kama katika kisa cha Yoshua, "Ride the Sky" inaanza kwa mwendo ambao mguu wa mpiga ngoma haupumziki, na Markus Grosskopf haliachi gitaa lake la besi libaki nyuma. Sauti laini juu ya kasi hiyo ingekuwa kama shela ya harusi juu ya pikipiki.

Rehema: Kuna utani pia. "Gorgar" inamhusu mtu aliyetekwa na mashine ya pinboli, mchezo wa kupigapiga kigololi cha chuma, na mashine yenye jina hilo ilikuwapo kweli tangu mwaka 1979, ikisifika kwa kuzungumza na mchezaji. Katikati ya wimbo huo wanachomeka muziki wa Grieg, mtunzi wa Norwe wa muziki wa klasiki, bila haya.

Salim: Hata hivyo, uzito wote naukuta katika "How Many Tears", utunzi wa Weikath unaozidi dakika saba. Mbio zinakatika ghafla, gitaa linabaki peke yake kwa upole, na malalamiko juu ya mateso ya wanadamu yanapata nafasi ya kusikika kabla kasi haijarejea.

Rehema: Wimbo huohuo Kiske aliuimba jukwaani, na umo katika albamu yao ya moja kwa moja ya mwaka 1989. Kila noti anaifikia.

Salim: Anaifikia mno! Machozi yanataka koo lililokauka.

Rehema: Basi utapatana na ziara iliyoanza mwaka 2017, ambapo Hansen na Kiske walirejea, na wimbo huo wakauimba wao wawili pamoja na Andi Deris, mwimbaji aliyeshika nafasi ya Kiske.

Salim: Niliwasikia wote watatu. Nilikuwa nasubiri zamu ya Hansen.