Matokeo wanayajua tayari: kupanga na kumaliza habari ndefu ya michezo

Asanteni. Mnanisikia hata huko nyuma? Vizuri.

Nimeombwa nieleze ninavyopanga na ninavyomaliza habari ndefu ya michezo. Hilo neno "ninavyomaliza" lilinichekesha, maana aliyenialika hajawahi kufungua kabati langu. Mle ndani mna madaftari sita ya timu moja ya mpira niliyoifuata msimu mzima. Kila mechi imo, kila mfungaji, dakika aliyofunga, hata kama mvua ilinyesha. Nikaandika kurasa thelathini na ushee, nikafika mechi ya kumi na tisa, nikakwama. Habari hazikunipungukia, zilinizidi. Nilichokosa ni sababu ya kumtoa msomaji mechi ya kumi na tisa na kumpeleka ya ishirini. Wachezaji wengi wa timu ile wameshastaafu, na makala bado iko mechi ya kumi na tisa.

Kosa langu lilikuwa hili. Anayesoma habari fupi anataka kujua nani kashinda. Anayesoma habari ndefu anajua tayari nani kashinda, pengine tangu miaka hamsini iliyopita. Sasa unamkalisha nusu saa nzima ili umwambie nini?

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijaandika sentensi hata moja, naandika swali kwenye kadi. Swali, si mada. Tuchukue mfano ili tusielee hewani.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500 wanaume. Filbert Bayi wa Tanzania anashinda kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Hayo ndiyo matokeo, yameenea kwenye sentensi moja. Tufunge daftari twende zetu?

Ngojeni kwanza. Bayi alikuwa na miaka 20. Mbio hizi zina mizunguko mitatu na robo tatu, na wakimbiaji wengi hupenda kuviziana: anayetangulia ndiye anayewakatia wenzake upepo, basi kila mmoja anajificha nyuma ya mwenzake akisubiri mzunguko wa mwisho. Bayi hakumsubiri mtu. Alishika uongozi tangu mwanzo, akaacha pengo, akawaachia wengine kazi ya kulifukia. Aliyekaribia kulifukia ni John Walker, kijana wa New Zealand, anakimbia kwao mbele ya watu wake. Walker alimaliza kwa 3:32.52. Rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani ilikuwa 3:33.1, imekaa tangu 1967. Yaani Walker naye alikwenda kasi kuliko binadamu yeyote aliyewahi kupimwa kabla ya siku ile, akaambulia nafasi ya pili.

Hapo mimi naona habari tatu, na kila moja ina mlango wake. Ukiuliza kijana wa miaka 20 alipata wapi ujasiri wa kukimbia kinyume na wenzake, huanzi Christchurch. Unarudi nyuma, labda Lagos mwaka 1973, kwenye Michezo ya Afrika, alikomshinda Kipchoge Keino, gwiji wa Kenya, katika mbio hizo hizo. Ukiuliza mtu anaishije na mbio bora za maisha yake ambazo hakushinda, unaanzia kwenye utepe na kwenda mbele: mwaka 1975 Bayi anaweka rekodi ya maili, 3:51.0, na miezi michache baadaye Walker anamnyang'anya kwa 3:49.4, mtu wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Ukiuliza kwa nini wawili hawa hawakukutana Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, habari yako inaanza na mtu ambaye hayupo uwanjani. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi.

Mbio ni zile zile, tofauti ni ile ile ya sekunde 0.36. Lazima uchague. Zile habari mbili unazoziacha hazitupwi, zinakuwa akiba ya ile moja. Mimi nilichagua ya pili. Nina ugonjwa wa watu waliomaliza wa pili. Mhariri wangu anaujua na ameshachoka kunitibu.

Swali likishapatikana, nachagua tukio la mwisho. Ndiyo, la mwisho, kabla ya la kwanza. Kwenye makala ya Walker kadi ya mwisho iliandikwa "Montreal, 1976" siku ile ile niliyoandika swali. Asiyejua anakoenda huandika kila anachokiona njiani, na hivyo ndivyo nilivyojaza madaftari sita.

Kisha natandika kadi sakafuni. Kila kadi tukio moja, na kila tukio liwe na mtu, mahali, na kitu kinachobadilika. Kisipobadilika kitu, hilo ni maelezo tu, na maelezo yana karatasi yake pembeni: tarehe kushoto, ninachokijua katikati, na kulia nimekijuaje. Safu ya kulia ndiyo inayoniokoa. Rekodi ile ya Bayi, kwa mfano, mahali pengine utaikuta imeandikwa 3:32.2. Hakuna aliyekosea. Wakati ule rekodi za mbio hizo zilitambuliwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Usipolijua hilo mapema, utalijua kupitia barua ya msomaji mwenye hasira.

Kanda naziangalia sauti ikiwa imezimwa. Mtangazaji hodari anakuambia utazame wapi, na akishakuambia huwezi tena kutazama pengine. Namwangalia mshindi mara moja tu. Naanza upya, namwangalia wa pili peke yake. Naanza tena, namwangalia wa tatu, ambaye siku ile alikuwa Ben Jipcho wa Kenya, kwa 3:33.16, muda ambao siku nyingine yoyote kabla ya hapo ungetikisa uwanja. Ukimtazama mtu mmoja mbio nzima unaona alipoamua. Mabega yanasema kabla ya miguu.

Mahojiano nitayapitia haraka, isipokuwa jambo moja. Acheni kuuliza "ulijisikiaje". Jibu lake mnalo tayari: nilifurahi sana, namshukuru Mungu, nawashukuru mashabiki. Niliwahi kuzungumza na kipa wa akiba ambaye timu yake ilipoteza fainali kwa penalti. Nilimuuliza alijisikiaje, akanipa jibu lile lile la watu wote. Nikamuuliza, "Wakati penalti ya mwisho inapigwa, ulikuwa unatazama nini?" Akanyamaza. Akasema hakuitazama. Alikuwa ameinamia chini ya benchi anahesabu chupa za maji. Zilikuwa kumi na moja. Alizihesabu mara tatu, na kelele zilipolipuka alijua kwa upande zilikotokea kwamba wamefungwa. Makala ile ilianzia kwenye chupa.

Sasa kumaliza. Habari nyingi hazifi mwanzoni, maana mwanzoni una hamu. Wala hazifi mwishoni. Zinafia kwenye theluthi ya pili, pale kalenda inapokunyang'anya usukani. Mimi nina namna ya kuligundua hilo. Nachukua kalamu nyekundu nazungushia kila "kisha", kila "baada ya hapo", kila "mwaka uliofuata". Zikifika tatu kwenye ukurasa mmoja najua nimerudi mechi ya kumi na tisa. Dawa yake si kupamba lugha. Narudi kwenye kadi ya swali, naisoma kwa sauti, halafu nauliza kila aya: wewe unajibu nini hapa? Aya isiyo na jibu inaondoka, hata kama nilisafiri siku mbili kuipata. Hasa hiyo niliyosafiria, kwa sababu ndiyo ninayoionea huruma.

Na tarehe ya kukabidhi, jiwekeeni yenu wiki moja kabla ya ile ya mhariri. Dakika za majeruhi ni tamu kuzitazama. Kuandika ndani yake ni balaa.

Kitu cha mwisho, halafu niwaachie nafasi ya maswali. Montreal, Walker alishinda dhahabu ya mita 1500, Bayi akiwa hayupo. Muda wake ulikuwa 3:39.17, karibu sekunde saba nyuma ya ule ulioshindwa Christchurch. Niliandika tukio lile, nikaona halitoshi, nikaongeza aya nzuri sana kuhusu maana ya ushindi, maisha, na saa zisizojua haki. Niliipenda aya ile. Nilimsomea mke wangu, akaitikia kwa kichwa huku akiendelea na shughuli zake. Rasimu iliporudi kutoka kwa mhariri, aya ile ilikuwa imepigwa mstari mmoja mlalo, kutoka neno la kwanza mpaka nukta, bila neno lolote pembeni. Nilikaa nayo siku mbili nikitafuta la kumjibu.

Makala ilitoka ikiishia kwenye 3:39.17. Haya, yule dada wa safu ya tatu alinyoosha mkono tangu zamani. Karibu.