Pima Kisima Kabla ya Kukipa Bei

Assalaam aleikum. Nimeombwa nitaje mali ya asili ya mji wetu, yaani maji, mikoko na miti yake, ni shilingi ngapi. Sitaji. Mmeshanisikia nikikataa, na leo nakataa tena. Mfumo wa hesabu za mazingira uliopitishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2021 wenyewe unaanza na eneo, kisha hali yake, kisha linatupa nini, fedha baadaye. Sisi tunaanzia mkiani.

Haya, twendeni Shela, hapa hapa kisiwani Lamu. Vile vilima vya mchanga ndivyo tangi la mji wa Lamu. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000. Penye saruji inakimbilia baharini; penye mchanga inazama. Ila haitulii kama maji mtungini, inaelea juu ya maji ya chumvi, maana ya bahari ni mazito zaidi: kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, matamu 1,000. Kwa tofauti hiyo ndogo, kila sentimita ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama 40 nyingine chini yake. Sasa yashushe sentimita 10 tu: chumvi itapanda mita 4, polepole, bila kelele. Nafasi ya maji kati ya chembe za mchanga tuiweke robo ya ujazo wake. Katika hekta moja mmepoteza karibu lita milioni 10. Na aliyechungulia kisimani kaona upungufu wa upana wa kiganja!

Kwa hiyo msinikisie. Tia alama ya rangi kwenye mdomo wa kisima, upime hapo hapo siku zote. Paka chaki ncha ya tepu ya chuma, iteremshe mpaka mita 6 ikae sawa na alama, ivute. Chaki imelowa sentimita 35? Maji yako mita 5.65. Rudia. Pima alfajiri kabla watu hawajateka, na uandike kama ni bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, au maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, kwa sababu visima vya karibu na pwani hufuata bahari. Kosa ninalolichukia: fundi anaongeza safu ya matofali mdomoni, haandiki mtu, mwezi unaofuata daftari linalia maji yameshuka sentimita 15. Hayakushuka, mdomo ndio uliopanda!

Atatokea wa kusema wazee walionja tu wakajua. Naam, lakini ulimi ukisema chumvi, chumvi imeshafika. Tumieni kipima chumvi, na sampuli ichoteni chini. Maji ya juu yatawadanganya. Na huyu anayetaka kisima kimoja kirefu chenye pampu kubwa? Pampu hiyo itainua chumvi kama kichuguu chini ya bomba. Visima vingi vifupi, kila kimoja kitekwe kidogo.

Mikoko... naona mwenyekiti anatazama saa. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya upinde, haupimwi unene mita 1.3 kutoka ardhini kama mchu, aina nyingine ya mikoko. Mzizi wa juu ukiupita kimo hicho, panda sentimita 30 juu yake, la sivyo mnapima mizizi. Miarobaini ya uani hesabuni kwa miguu: picha ya setilaiti ambayo kila nukta yake ni mita 10 kwa 10 huchanganya jani, makuti na kichochoro kuwa doa moja. Ndege na popo, siku nyingine.

Chaki ninayo, tepu hii hapa. Nani ana ufunguo wa kisima cha nyuma?