Nyama ya Leo na Nyama Iliyolala

Mhadhara kwa wachinjaji, wenye bucha na wapishi, Tanga mjini

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wa machinjioni, wa mabucha ya Ngamiani na wa majiko ya mishkaki, karibuni.

Mteja wa Tanga akifika buchani huuliza kabla hata ya bei: "Hii ya leo?" Akisikia imelala, anaondoka. Hofu yake ina msingi. Katika joto la kaskazi, nyama iliyokesha kwenye ndoano bila baridi huwa imeanza kuharibika. Lakini nyama iliyolala kwenye baridi ni habari nyingine kabisa. Na mara nyingi anayelalamika kwamba alichinjiwa ng'ombe mzee ni yule aliyenunua ya leo, akaikatakata na kuitia kwenye friza ingali na joto la mnyama.

Ng'ombe akishachinjwa, misuli yake haifi papo hapo. Mmeona wenyewe: paja lililochunwa sasa hivi hutetema likiguswa na kisu. Ndani ya kila uzi wa msuli mna nyuzi ndogo zaidi za aina mbili, nene na nyembamba, zilizopishana kama vidole vya mikono miwili. Zile nene ni za miosini, nyembamba ni za aktini. Miosini ina vichwa vidogo vinavyoikamata aktini na kuivuta, na hapo msuli hukaza. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye siri: kuachia nako kunataka nguvu. Kichwa cha miosini hakibanduki mpaka kipate ATP, ile kemikali inayobeba nguvu mwilini. ATP ikiisha, kichwa kinabaki pale pale kilipong'ang'ania.

Damu ikishatoka, oksijeni haifiki tena. Msuli unachoma akiba yake ya sukari, glaikojeni, bila hewa, na masalio yake ni asidi ya laktiki. pH, kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, inashuka kutoka 7 hivi hadi 5.5 au 5.6. Akiba inapokwisha, ATP haitengenezwi tena, nyuzi zinafungana na nyama inakakamaa. Kuku hukakamaa ndani ya saa moja hivi. Ng'ombe huchukua kati ya saa 6 na 12, na saa 24 zikitimia mwili wote ni mkavu kama ubao. Joto likizidi, yote haya huenda mbio zaidi.

Turudi kwenye friza. Mwaka 1963, watafiti Locker na Hagyard wa New Zealand walieleza kwamba msuli wa ng'ombe uliokatwa ungali moto ukapozwa hadi karibu na nyuzi joto 0 za Selsiasi hujikunja karibu nusu ya urefu wake. Ukiachwa kwenye nyuzi 14 hadi 19, hupungua asilimia 10 hivi tu. Sababu ni kalisi, madini yaliyomo mwilini. Msuli huihifadhi kwenye vifuko vyake, na kalisi ikitoka ndiyo amri ya kukaza. Baridi ya chini ya nyuzi 10 huvifanya vifuko vile vishindwe kuizuia, na kwa kuwa ATP bado ipo, nyuzi zinavutana kwa nguvu zote, kisha zinafungana zikiwa zimejikunja hivyo hivyo. Mchemshe saa tatu, bado utatafuna.

Kuigandisha kabisa kabla haijakakamaa ni vibaya zaidi. Siku ya kuiyeyusha, kalisi humwagika kwa mkupuo mmoja. Tazameni kipande hiki hapa mezani: kilikuwa na urefu wa sentimita 20, sasa hakifiki 10, kimevimba katikati kama ngumi, na sahani imejaa maji mekundu. Maji hayo ni uzito mliolipia.

Kwa hiyo kanuni ya ng'ombe ni hii: katika saa 10 za mwanzo, joto la ndani ya nyama lisishuke chini ya nyuzi 10, baada ya hapo, ipelekwe kwenye nyuzi 0 hadi 4 bila kuchelewa. Nyama ibaki kwenye mfupa mpaka ikakamae, kwa sababu mfupa huuzuia msuli usijikunje. Hata namna ya kutundika ina neno. Ng'ombe akining'inizwa kwa kano la kisigino, sarara, ile nyama ya ndani iliyo chini ya uti wa mgongo, inanyooshwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya ulaini wake. Akitundikwa kwa mfupa wa nyonga, nyama ya paja na ya mgongo ndizo zinazonyooshwa, zikatoka laini kuliko kawaida.

Nyama iliyokakamaa hulainika tena, ila si kwa nyuzi zile zilizofungana kuachiana. Vimeng'enya vya msuli wenyewe, hasa kalpaini, hukata protini zinazoshikilia nyuzi mahali pake. Kazi hiyo inataka muda. Kwenye baridi ya friji, ng'ombe apewe siku 7 hadi 10. Kuku zinamtosha saa 8 hivi. Kwenye ndoano ya bucha isiyo na baridi msijaribu, bakteria watawatangulia. Papai bichi husaidia, lakini nguvu yake haipiti sana chini ya uso wa nyama.

Asiye na chumba cha baridi ana njia ya pili, nayo ni halali kabisa: apike mapema kabla nyama haijakakamaa. Nyama ya namna hiyo hushika maji vizuri. Ndiyo maana kima iliyosagwa ingali moto na kutiwa chumvi gramu 20 kwa kilo hutoa kababu zisizopasuka.

Yapo makosa yanayotokea kabla ya kisu. Ng'ombe aliyetoka Handeni au Kilindi amesimama kwenye lori, hana maji, amechapwa fimbo njia nzima, anafika akiba yake ya sukari imekwisha. Asidi haitengenezwi ya kutosha, pH inabaki juu ya 6. Nyama inakuwa nyeusi, kavu, inanata kwenye kisu, na inaoza upesi kwa kuwa asidi ndiyo iliyokuwa mlinzi wake. Mpeni maji, kivuli na utulivu, msimkimbize.

Na wale wa samaki pale Deep Sea, yanawahusu pia. Changu aliyehangaika sana kwenye wavu hukakamaa upesi, kwa sababu amemaliza nguvu zake. Mtieni barafu mara anapotoka majini. Akiwa amekakamaa msimnyooshe kwa nguvu wala kumpasua minofu: nyama yake huachana vipande vipande, na hairudi kushikana tena.