"Daktari tuwekee viwili tumalize": mhadhara kwa wanandoa, Moshi

Karibuni jamani, wa nyuma sogeeni huku viti vipo. Leo nataka tuongelee ile ya kuomba viinitete viwili, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, viwekwe kwa pamoja mpate mapacha. Nawaelewa kabisa, hela ya IVF, ile ya kutungisha mimba maabara, mnatoa mfukoni, wengine mmeuza kiwanja, na kila Krismasi mkipanda Rombo bibi anauliza mjukuu yuko wapi, sasa mtu anaona akipata wawili kwa mpigo ameokoa. Ila hiyo hesabu haijaisha.

Mapacha zaidi ya nusu wanazaliwa kabla ya wiki 37. Akija wiki ya 36 mara nyingi mambo yanaenda vizuri, lakini wiki ya 29 mapafu hayajakomaa, anataka oksijeni, joto, maziwa kwa mrija, na njiti wenyewe ni wawili. Mama nae presha ya mimba inampata kirahisi zaidi, tena akishazaa anaweza kutokwa damu nyingi maana kizazi kilitanuka sana kikashindwa kujikaza. Haya, uchungu ukushike usiku uko Tarakea, mpaka ufike hospitali ya KCMC hapa Moshi saa ngapi? Hilo muulizane kabla ya kupandikiza.

Kuna utafiti wa Skandinavia ulitoka 2004, wanawake 661 wa chini ya miaka 36. Waliowekewa viwili pamoja, kama 43 kwa kila 100 walipata mtoto. Waliowekewa kimoja, na kisiposhika wakawekewa kingine kilichogandishwa, kama 39. Kwa hiyo ndio, unapoteza kidogo, sitawaficha, lakini kati ya waliozaa, wenye mapacha kundi la kwanza walikuwa 33 kwa 100 na la pili hawakufika hata 1! Mimi kwa dada wa miaka 30 mwenye viinitete vizuri nasema kimoja, kingine kigandishwe. Ukiwa na 40 hapo mazungumzo ni mengine, daktari anaweza kushauri viwili na ana sababu.

Na nyie mnaonunua klomifeni, ile dawa ya kukuza mayai, duka la dawa bila utrasaundi ya kuangalia mayai mangapi yanakua, hapana jamani, nayo inaleta mapacha.

Dada pale kauliza kama kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kikaleta mapacha. Kinaweza, mara chache. Ndo maana piga utrasaundi mapema, kabla ya wiki ya 14, na kama ni mapacha muulize mpimaji kondo la nyuma ni moja au mawili, aandike kwenye kadi, maana wanaochangia kondo moja wanatakiwa kuangaliwa kila wiki mbili.