Kisima Hiki Kinafaa au Hakifai?

ZUHURA: Baraka, wiki hii nilikuwa kwenye kikao cha kuamua kama kisima kimoja cha gesi kichimbwe kwa presha pungufu: presha ya kisimani ikae chini ya ile ya mwamba, mwamba uachwe utiririshe wakati biti, kile kichwa cha kukata mwamba, inazunguka. Nikauliza: presha ya tabaka, ule mwamba wenye gesi, leo ni kiasi gani? Nikapewa namba ya siku kisima cha jirani kilipofunguliwa. Gesi imevutwa humo miaka nenda miaka rudi!

BARAKA: Basi hapo hamna kikao, dada.

ZUHURA: Hamna! Chukua kina cha mita 3,000. Maji matupu yakijaa kisimani yanakandamiza kwa presha ya baa 294 hivi, baa ikiwa kipimo cha presha. Tabaka likiwa limebakiza 150, hata maji yanakimbilia mwambani. Hapo nitrojeni ina kazi: inachanganywa na kimiminika, uzito unashuka. Likiwa bado na 290, hesabu ni nyingine.

BARAKA: Kwa nini isiwe hewa? Ni bure.

ZUHURA: Hewa ikikutana na gesi huko chini inaweza kuwaka moto ndani ya kisima. Twende swali la pili: kuta zitasimama? Ukiondoa uzito wa tope, kile kimiminika kizito cha kuchimbia, mwamba dhaifu unabomoka na kubana mabomba.

BARAKA: Shusha kesingi, bomba la chuma la kufunika kuta.

ZUHURA: Nilijua! Kila kipindi, kesingi.

BARAKA: Ndiyo dawa yenyewe. Funika tabaka bovu, kisha punguza presha chini yake.

ZUHURA: Na tabaka bovu likiwa katikati ya gesi?

BARAKA: Kesingi nyingine.

ZUHURA: Kila kesingi inafinya kipenyo, kaka. Na unaishikiza kwa nini?

BARAKA: Saruji.

ZUHURA: Saruji ni nzito! Umelinda mwamba siku zote hizo, halafu unaukandamiza siku ya mwisho. Tope la kawaida hujenga utando ukutani, unazuia majimaji kupenya. Ukichimba kwa presha pungufu utando huo haupo. Presha ikipanda mara moja tu, vitundu vya mwamba vinameza uchafu wote.

BARAKA: Basi shusha kesingi yenye matundu, bila saruji.

ZUHURA: Matundu hayazuii tabaka bovu lisimwage uchafu kisimani. Msimamo wangu: kama huwezi kubaki chini ya presha ya mwamba mpaka kisima kianze kuzalisha, usianze.

BARAKA: Hapo sikubali. Mwamba wenye nyufa unaweza kumeza tope lote, bomba likanasa ukutani. Presha pungufu inaniokoa na hayo, na biti inakwenda kasi kwenye mwamba mgumu. Hata nikikizima kisima mwishoni kwa kimiminika kizito, nimefika chini.

ZUHURA: Umefika chini na kisima kisichotoa.

BARAKA: Si kila kisima. Nyufa pana naweza kuzisafisha baadaye.

ZUHURA: Uchafu ulioingia ndani ya nyufa? Hapana, Baraka.

BARAKA: Naweza.

ZUHURA: Nilikuja na maswali sita, tumegusa mawili. Haidrojeni salfaidi hatujaitaja kabisa, nayo ni sumu inayopanda juu pamoja na kila kinachotiririka.

BARAKA: Na gharama za mitambo ya kutenganisha gesi, mafuta, maji na vipande vya mwamba.

ZUHURA: Muda umekwisha. Mwenye kisima cha kujadili, atutumie presha ya sasa kwanza.

BARAKA: Na michoro ya kesingi.