Soma audit.log kwa tukio, si kwa mstari

Ukifungua /var/log/audit/audit.log, logi ambamo huduma ya auditd huandika nani alifanya nini kwenye mashine, kwa mara ya kwanza unaona mistari imejazana na kila mmoja unaonekana kujitegemea. Haujitegemei. Leo tunaangalia jinsi kerneli (kiini) ya Linux inavyoandika tukio moja kwa rekodi kadhaa, na namna ya kuzikusanya. Fungua terminali. Kama uko kwenye Ubuntu na huna huduma hii, anza na sudo apt install auditd.

Tutengeneze kwanza kitu cha kulinda, faili ambalo root (mtumiaji mkuu) peke yake analisoma:

sudo touch /srv/mishahara.csv
sudo chmod 600 /srv/mishahara.csv

Kisha weka kanuni: yeyote atakayejaribu kulisoma, aandikwe.

sudo auditctl -a always,exit -F arch=b64 -F path=/srv/mishahara.csv -F perm=r -k mishahara

Neno la mwisho ni lebo tu, chagua unayotaka. Sasa, ukiwa mtumiaji wa kawaida, andika cat /srv/mishahara.csv. Umekataliwa? Safi, ndicho tulichotaka. Tazama logi, nimeikata ienee kwenye skrini:

type=SYSCALL msg=audit(1718180405.312:8841): success=no exit=-13 items=1 auid=1001 uid=1001 comm="cat" key="mishahara"
type=CWD msg=audit(1718180405.312:8841): cwd="/home/juma"
type=PATH msg=audit(1718180405.312:8841): item=0 name="/srv/mishahara.csv" ouid=0
type=PROCTITLE msg=audit(1718180405.312:8841): proctitle=636174002F737276...

Simamisha video hapa uangalie kilicho ndani ya mabano. Kabla ya nukta pacha ni muda: sekunde tangu 1 Januari 1970, pamoja na milisekunde. Baada yake ni namba ya tukio. Rekodi zote zenye muda huo na namba hiyo ni tukio moja, basi. Vyote viwili vinahitajika, kwa sababu namba huanza upya kila kompyuta inapowashwa, na ndani ya milisekunde moja seva inaweza kuandika matukio kadhaa.

Usitegemee mistari kufuatana. Kwenye seva yenye shughuli nyingi, rekodi ya 8842 inaweza kujipenyeza katikati ya 8841.

Sasa ona mahali ambapo wengi wanakwama. Tafuta lebo kwa grep, amri inayotoa mistari yenye neno unalotaka:

sudo grep 'key="mishahara"' /var/log/audit/audit.log

Unapata mstari wa SYSCALL: nani, kwa programu gani, na kwamba alikataliwa (hiyo -13 ni kunyimwa ruhusa). Lakini jina la faili halimo. Tafuta jina la faili, unapata PATH, na humo aliyejaribu hayumo. Ile ouid=0 ni mwenye faili, si aliyeligusa; usije ukamshtaki root bure.

Kwa hiyo tumia chombo kinachojua kuunganisha:

sudo ausearch -k mishahara -i --start recent

Lebo iko kwenye rekodi moja tu, lakini ausearch inakuletea tukio zima. Herufi -i inageuza namba kuwa majina, na ile PROCTITLE ya heksadesimali inasomeka sasa: cat /srv/mishahara.csv. Ukiwa tayari na namba ya tukio, andika sudo ausearch -a 8841 -i.

Jaribu tena, safari hii kwa sudo cat. Limefunguka, na tukio jipya lina uid=0, yaani root. Ila auid bado ni 1001, yaani akaunti iliyoingia mwanzoni. Ukichunguza seva ya watu wengi wenye sudo, mimi ningeanza na auid kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo moja la kuangalia: tukio si kazi nzima ya mtu. Kanuni yetu inaandika tukio kwa kila mwito wa mfumo (ombi la programu kwa kerneli) unaotaka kulisoma faili, na kuhariri faili kwa kihariri cha vim kunaweza kuzaa matukio mengi, kila moja na namba yake. Kuyafuata yote, chukua thamani ya ses (namba ya kikao cha aliyeingia) kwenye rekodi ya SYSCALL, tuseme ni 3:

sudo ausearch --session 3 -i

Kanuni ya auditctl hupotea ukizima mashine. Ili ibaki, iandike bila neno auditctl kwenye /etc/audit/rules.d/mishahara.rules, kisha endesha sudo augenrules --load.