Mifarishi Mitano Isiyokwisha

Asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniomba nizungumzie ilhamu, nami nimekuja na mfuko. Humu mna mifarishi mitano na hakuna hata mmoja uliokwisha. Nikiulizwa nyumbani husema "inaendelea". Mmoja unaendelea tangu mwaka 2017.

Kwa asiyeshona: mfarishi, yaani kile kifuniko kizito cha kitandani, una matabaka matatu. Juu ni uso, yaani vipande vya kitambaa vilivyounganishwa, katikati pamba, chini bitana. Matabaka hayo hupigwa bandi ili yasitembee, kisha hushonwa pamoja kwa mishono midogo inayopenya yote matatu, na mwisho kingo hutiwa pindo. Kwa hiyo safari hii ina vituo vingi vya kukwama, na mimi nimeshukia karibu kila kimoja.

Huu wa kwanza nitaupitia haraka maana bado unaniuma. Nilitumia kitambaa chekundu bila kukifua kwanza. Nilipolowesha uso ili nitoe alama za chaki, nyekundu ikachuja na nyeupe yote ikapata mabaka. Tuuache.

Huu wa pili ndio nataka tukae nao. Nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, katika kazi yetu ni robo inchi, kama milimita 6. Nusu ya safu nilizishona kwa cherehani yangu, nusu kwa ya kuazima, na mguu wa ile ya kuazima, ambao ndio nilioupimia nafasi hiyo, ulikuwa mpana zaidi kwa milimita moja. Milimita moja, nani ana habari nayo? Lakini mshono hula pande zote mbili, kwa hiyo zinapotea milimita mbili kila mshono. Safu ya miraba 12 ina mishono 11. Jumla, milimita 22: safu moja fupi kuliko jirani yake kwa karibu upana wa kidole gumba. Nilivuta, nikapiga pasi, nikasema maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Nikaukunja. Ukakaa mwaka na ushei.

Asubuhi moja nimelala na homa, sina la kufanya ila kutazama kivuli cha nondo za dirisha. Sakafuni kilikuwa miraba iliyonyooka. Kilipofika kitandani kikapanda, na pale ukingoni mistari ikakatika, ikahama kidogo pembeni, ikaendelea na safari yake. Haikuoana, na ilipendeza kuliko ile ya sakafuni. Niliamka na homa yangu, nikatandika safu zile chini, nikazisogeza zile fupi, moja kushoto, moja kulia, nyingine katikati, na mapengo ya pembeni nikayajaza vipande vya kijivu. Tazameni hapa.

Sasa, kivuli kile hupita pale kila asubuhi yenye jua. Miaka yote sikuwahi kukiona. Nilikiona siku ile kwa kuwa nilikuwa nimebeba mistari isiyooana. Ndiyo maana shauri la kutembea na daftari kusaka ilhamu mimi limenishinda. Langu limejaa michoro ya magome ya miti, na halijazaa hata mraba mmoja.

Wapo wanaojua haya kuliko sisi. Kule Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, mwaka 1942 Missouri Pettway alichukua nguo za kazi za marehemu mumewe akazishona mfarishi wa kumkumbuka na kujifunika. Mifarishi ya kijiji hicho ilipoanza kuzunguka makumbusho makubwa mwaka 2002, watu waliifananisha na michoro ya kisasa. Sawa. Ila mimi macho yangu huenda pale palipobanduliwa mfuko wa suruali: bluu imebaki nzito, mraba mdogo katikati ya kitambaa kilichopauka kwa jua na kufuliwa. Hakuna aliyeuchora mraba ule. Mshonaji aliukuta umo, akaamua ukae wapi.

Basi siku hizi kila mfarishi niuwekapo kando naubandika kikaratasi kwa pini. Siandiki tarehe, maana tarehe zinanitia aibu tu, naandika ulipokwamia. Huu wa tatu kinasema: "Kijani hiki kinagombana na nani?" Wa nne vipande vyake nilivikata mshazari, vinanyumbuka kila nikivigusa, kikaratasi chake kina neno moja, "Wanga?" Jibu ni ndiyo. Kitambaa cha mshazari kipigwe wanga kabla ya mkasi. Nilijibiwa nikiwa nimeshakata.

Wa tano nilikaa nao jioni nzima na kalamu mkononi, nisipate la kuandika. Mishono imenyooka, rangi zimekaa, hakuna kasoro ninayoiona. Nimeuchoka tu. Anayeutaka auchukue leo. Vipande vyote vimo, na bitana nimeshaikata.